Vikorokoro vya bastola ya kiunoni: kipi ununue, kipi urudishe

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Moshi, nauza mitumba ya jumla Kiborloni. Nina Glock 43 ninayoimiliki kwa leseni, huu ni mwaka wa tatu. Mkono wangu ni mkubwa, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani nikiishika. Kuna kijana wa Arusha ameniletea mfuko wa vitu vidogo vidogo: kitako kirefu cha magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini), soksi ya mpira ya kuvalisha mpini, kizibo cha tundu lililo chini ya mpini, kitufe kirefu cha kuachia magazini, seti ya springi za kulainisha triga, na leza ndogo ya kubana chini ya mtutu. Anataka laki nne na nusu kwa vyote. Wenzangu wawili wa sokoni wameshanunua. Je, vina faida kweli, au ni mapambo?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nimesoma barua yako mara mbili. Umetaja vitu sita, umetaja bei, umetaja wenzako, lakini hukutaja hata mara moja bastola yenyewe inakaa ndani ya nini ukiwa umeivaa. Nitakujibu kila ulichouliza, ila nitaanzia hapo ambapo hukuuliza. Nimefundisha watu kulenga shabaha hapa Arusha kwa miaka mingi, na majeraha niliyoyaona kwa macho yangu yalitokea bastola ikiingia au ikitoka kiunoni.

Glock yako haina sefti, yaani kizuizi cha kufyatuka, ya kusukuma kwa kidole gumba. Sefti zake tatu ni za kujiendesha: ya kwanza ni ule ulimi mdogo katikati ya triga, ya pili huzuia pini isifike kwenye risasi, ya tatu huilinda isifyatuke ikianguka. Zote tatu huachia kwa mpangilio pale triga inapovutwa hadi mwisho, na triga ikivutwa na ncha ya shati ni sawa na ikivutwa na kidole chako. Kwa hiyo kwa mwenye Glock, holsta, yaani mkoba wa kuvalia bastola kiunoni, ndiyo inayofanya kazi ya sefti ambayo bastola haina. Holsta nzuri inafunika kingo ya triga, ile pete inayoizunguka, yote, pande zote mbili, kiasi kwamba huwezi kuigusa triga hata ukijaribu kwa ukucha. Mdomo wake unabaki wazi hata bastola ikiwa imetoka, ili usilazimike kuupanua kwa mkono wa pili. Tena inaibana bastola isichomoke ukiinama kunyanyua robota.

Nikusimulie jambo moja. Julai ya mwaka mmoja, asubuhi ya ukungu, wanafunzi wangu wote walikuja na majaketi kwa ajili ya baridi. Mmoja wao, mtu mzima na makini kuliko wengi niliowafundisha, alimaliza kupiga, akarudisha bastola kwenye holsta, akahisi inagoma. Akasukuma. Risasi ilishuka kwenye paja lake ikatokea juu kidogo ya goti. Alipona, lakini anachechemea hadi leo. Tulipoangalia, tulikuta kile kishikizo cha plastiki kilicho mwishoni mwa kamba ya jaketi kimeingia ndani ya kingo ya triga. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na sikuwa nimemwambia azikate zile kamba. Tangu siku ile, mtu akija kwangu nakagua jaketi kabla sijaikagua bastola.

Wewe unatoka Moshi kwenye joto, unapanda kuja Arusha kwenye baridi, unavaa jaketi njiani ukifika Usa River. Kata kamba za kiunoni za jaketi lako, zote. Na ukirudisha bastola ukahisi inagoma, hata kidogo, itoe, angalia ndani ya holsta, kisha rudisha polepole ukiwa umeiangalia. Hakuna dharura inayokulazimisha kuirudisha haraka. Haraka, kama ipo, ni ya kuitoa.

Ngozi pia ina maneno yake. Moshi haikosi mafundi wazuri wa ngozi, viatu vya Karanga vinajulikana nchi nzima, na najua watu wengi humpelekea fundi wa viatu bastola (tupu, natumaini) amshonee mkoba. Ngozi ya sandali ni laini. Ikinyonya jasho la Moshi mwaka mmoja, mdomo unalegea, unajikunja kwa ndani, na ile kunjo inaweza kufanya kazi ileile ya kishikizo cha jaketi. Ukitaka ya ngozi, iwe ngozi nene na ngumu, iliyofinyangwa juu ya umbo la bastola ya aina yako, na mdomo wake uongezewe kipande cha pili cha ngozi au ukanda wa chuma ndani. Kama huwezi kuipata hivyo, chukua ya plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya Glock 43, isiyo ya "saizi yoyote". Halafu mkanda. Mkanda wa suruali ya kanisani unapinda, bastola inalala nje, shati linatuna. Mkanda mnene usiojikunja huondoa nusu ya malalamiko ambayo watu hudhani yatatibiwa na vikorokoro.

Sasa mfuko wako.

Kitako kirefu cha magazini ndicho kitu pekee kwenye ule mfuko ninachokupa baraka. Glock 43 ilitoka mwaka 2015 kama bastola ya risasi 6 za milimita 9, ya kuvaliwa siku nzima bila kuonekana, na wafupishaji walianzia kwenye mpini. Mwenye mkono mkubwa anaishika kwa vidole viwili, cha tatu kinatafuta pa kukaa. Risasi ya milimita 9 kwenye bastola isiyofika gramu 600 ikiwa na magazini tupu inarusha mdomo juu kwa nguvu, na kidole cha mwisho ndicho kinachosaidia kuurudisha chini kwa ajili ya risasi ya pili. Ukikipa kidole hicho pa kukaa, utaona tofauti siku hiyohiyo: matundu yako kwenye karatasi yatakaribiana.

Ila kabla hujatoa hela, angalia boksi bastola ilimokuja. Bastola hii kwa kawaida hutoka kiwandani na magazini mbili, moja yenye kitako bapa na nyingine yenye kitako cha kuegemeza kidole. Wengi hutupa boksi kabatini wakasahau. Huenda kitu unachotaka kukinunua unacho tayari.

Kama huna, kuna aina mbili na usizichanganye. Aina ya kwanza ni kipande cha plastiki tu, kinaongeza sentimita moja au mbili za kushika, risasi zinabaki 6. Hicho ni salama. Aina ya pili inaongeza na risasi, mbili au zaidi, na hapo springi ya magazini inapaswa kuwa ndefu zaidi kuliko ya awali. Wauzaji wengine hutoa kitako bila springi. Matokeo yake springi ya zamani inafika mwisho wa nguvu zake mapema, risasi za mwisho zinapanda kwa uvivu, slaidi (ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele) inapita juu yake bila kuibeba, au inaibeba ikiwa imeinama. Umejiongezea risasi mbili ambazo huwezi kuzitegemea. Kwa aina hii ya pili kaulize kwanza ofisi ya polisi iliyokupa leseni, kisha ndipo uulize bei.

Kuna gharama moja ya kitako kirefu ambayo kijana hakukwambia. Watu hudhani mtutu ndio unaoonekana chini ya shati, lakini mtutu umelala ndani ya suruali, haumsumbui mtu. Kinachotokeza ni ncha ya mpini, inayosukuma shati kwa nyuma ukiinama. Kila sentimita unayoongeza pale inaonekana. Wewe unashinda sokoni ukiinama na kuinuka, na siri ya bastola yako ni sehemu ya usalama wako, kwa sababu anayejua unayo atakuja amejiandaa. Ushauri wangu: magazini yenye kitako bapa ivae sokoni, yenye kitako kirefu iwe ya akiba, na uitumie kwenye mazoezi. Au vaa kitako kirefu lakini shati liwe pana, la kitambaa kizito. Jaribu mbele ya kioo, muulize mama watoto kama anaona kitu.

Soksi ya mpira. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Siku ya kwanza dukani inapendeza, mkono umejaa, haitelezi. Siku ya tisini, baada ya jasho na mafuta ya kusafishia, imeanza kuzunguka juu ya mpini. Nimewaona watu wakikaza mkono na soksi ikasogea, bastola ikageuka ndani ya kiganja, risasi ikaenda kulia kwa shibiri nzima. Halafu mpira hukamata nguo. Shati linaganda kwenye mpini, unapoichomoa linakuja nalo, na unapokaa linajisokota na kuonyesha umbo lote. Wazee wa zamani walikata kipande cha tyubu ya baiskeli wakavalisha, na kwa bunduki ya kuwekwa ndani ya nyumba si vibaya. Kwa ya kiunoni, chukua utepe wa msasa wenye gundi, bandika vipande viwili vidogo, kimoja mbele ya mpini na kingine nyuma, mahali kiganja kinapogusa lakini shati haligusi. Ni elfu chache, na ukichakaa unabandua unabandika mwingine.

Kizibo cha tundu: hakidhuru, hakisaidii sana. Kinazuia vumbi na nyuzi za mitumba zisijazane mle. Kama fundi wako anasafisha bastola ipasavyo, hukihitaji.

Kitufe kirefu cha kuachia magazini kirudishe. Kilibuniwa kwa ajili ya mashindano, ambako mtu anabadilisha magazini mara nyingi na saa inahesabu. Fikiria bastola yako ikiwa kiunoni upande wa kulia: kitufe kiko upande wa kushoto wa bastola, yaani upande unaogusa mwili wako. Ukikaa kwenye gari kutoka Moshi hadi Arusha, kilomita 80 za kuegemea, nyonga yako inakisukuma. Magazini inashuka milimita tatu au nne tu, huioni, huihisi. Glock itapiga risasi iliyomo chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kupigwa, hata kama magazini imelegea, halafu slaidi itarudi mbele bila kubeba kitu. Utakuwa na bastola ya risasi moja bila kujua. Kama shida yako ni kwamba unatumia mkono wa kushoto, kitufe cha awali cha bastola hii kinaweza kuhamishiwa upande wa pili na fundi silaha, bila kununua chochote.

Hapohapo, kwa kuwa nimegusa jambo hili: kutoa magazini siyo kutoa risasi. Iliyomo chemba inabaki pale na triga inafanya kazi. Na Glock, ili uifungue kwa usafi, lazima uvute triga kwanza, ndivyo ilivyoundwa. Kwa hiyo toa magazini, koki slaidi, ishike nyuma, tazama chemba kwa macho, ingiza kidole uhakikishe, kisha tazama tena. Mdomo uelekee mahali ambapo risasi ikitoka haimfikii mtu. Mfanyie hivyo hata fundi anayekurudishia bastola akisema, "Ni tupu, mzee." Kagua mbele yake. Fundi anayejua kazi hatakasirika.

Springi za kulainisha triga. Hapa nakuomba, ndugu yangu, usinielewe nusu. Usizitie. Triga yako ya kiwandani inahitaji nguvu ya takriban kilo 2.5, na uzito huo umewekwa makusudi kwa bastola isiyo na sefti ya kidole gumba. Mtu ambaye moyo unamdunda, mikono inatetemeka, damu imekimbia vidoleni, hahisi triga kama anavyoihisi uwanjani. Ukiipunguza nguvu, unapunguza ile nafasi ndogo iliyobaki kati ya hofu na risasi. Hilo la kwanza. La pili ni la ufundi: springi laini ya pini hupiga kitako cha risasi kwa nguvu ndogo, na risasi nyingi tunazozipata huku zina vitako vigumu. Inalia "tik" na hakuna kinachotoka. La tatu, ukija kumjeruhi mtu, hata kama ulikuwa unajitetea kwa haki, utaulizwa kwa nini uliifanya silaha yako iwe nyepesi kufyatuka kuliko ilivyotengenezwa. Sioni jibu ambalo ungependa kulitoa mahakamani.

Wengi wanaotaka springi laini wanasumbuliwa na jambo jingine: risasi zao zinakwenda chini kushoto, wanailaumu triga. Dawa ni risasi bandia za mazoezi, zile zisizo na baruti, sita hivi. Nyumbani, silaha ikiwa imekaguliwa mara mbili na risasi hai zikiwa chumba kingine, elekea ukuta wa tofali, vuta triga polepole, tazama kilengeo cha mbele kikitikisika au kisipotikisika. Dakika kumi kila jioni kwa mwezi mmoja. Nimeona watu wakipona hivyo bila kubadilisha hata skrubu.

Leza inavutia macho na ndiyo maana inauzika. Mchana wa Moshi, jua la saa saba, doa jekundu hulioni kwenye shati la mtu aliye hatua kumi mbali. Unabaki unalitafuta, bastola ikizunguka hewani, wakati ungekuwa umeshatumia vilengeo. Betri inakwisha siku usiyoijua. Ikigongwa kwenye mlango wa gari inahama, na doa linaonyesha mahali ambapo risasi haiendi. Na ukiibana chini ya mtutu, holsta uliyonayo haikubali tena, utatafuta nyingine, na hapo ndipo watu hununua zile laini za saizi yoyote. Umeona tulikorudi.

Shida yako ya kweli usiku ni kujua aliye mbele yako ni nani. Mlinzi wako? Jirani mlevi? Mtoto wako wa kiume aliyechelewa kurudi? Jeff Cooper, Mmarekani aliyefundisha matumizi ya bastola hadi alipofariki mwaka 2006, aliacha kanuni nne, na ya mwisho ni hii: hakikisha unakijua unacholenga na kilicho nyuma yake. Leza haikusaidii kwenye kanuni hiyo. Tochi inasaidia. Na ninasema tochi ya mkononi, ndogo, yenye mwanga mkali na kitufe kitakoni, ikae mfukoni upande wa kushoto. Tochi ya kubana kwenye bastola ina kazi yake kwa askari wanaoingia majengo wakiwa wengi, lakini kwa raia ina hatari moja kubwa: kila unachotaka kukiona lazima ukielekezee mtutu. Ukiwa na tochi mkononi unaweza kummulika mtu, ukamtambua, ukamsalimia, bastola ikiwa bado kiunoni. Tochi nzuri utaitumia kila siku, umeme ukikatika, tairi likipasuka Kikatiti, njiani kuja Arusha, usiku. Hela ya leza weka huko.

Jambo moja ambalo hukuuliza: vilengeo. Vya kiwandani kwenye Glock nyingi ni vya plastiki, na holsta ngumu huvila taratibu. Vikiwa vimelika au vimelegea, badilisha kwa vya chuma. Vile vinavyong'aa gizani kwa tritiamu, gesi yenye mionzi hafifu, ni vizuri, ila mwanga wake hupungua hadi nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo usinunue vya mtumba (samahani kwa kazi yako) bila kuvitazama gizani. Kama hela haitoshi, tone la rangi ya kucha ya machungwa kwenye kilengeo cha mbele tu linasaidia mchana kuliko leza yoyote. Cha nyuma kiache cheusi.

Chochote utakachoongeza, hata kitako cha magazini, kijaribu kwenye uwanja unaoruhusiwa kwa risasi zilezile unazotembea nazo, si za mazoezi peke yake. Najua risasi ni ghali. Lakini kama huwezi kupiga walau 50 na kile kitu bila bastola kukwama hata mara moja, usitembee nacho. Na vumbi: wafanyabiashara wa madini wanaokwenda Mererani hunijia na bastola zilizojaa unga mweusi wa grafaiti, wamezimwagia mafuta wakidhani wanazilinda. Mafuta mengi hukamata vumbi hadi likawa uji. Matone machache kwenye reli za slaidi yanatosha, kwingine futa pakauke. Nyuzi zako za mitumba hazina tofauti.

Kuhusu kijana mwenyewe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayosimamia silaha yako, na leseni yako inaitambua bastola kama ilivyosajiliwa. Kitu cha kubandika nje kama utepe hakina neno. Lakini chochote kinachoingia ndani ya bastola, au kinachoongeza risasi, kipitie kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni na ofisi ya polisi inayokusimamia, upewe risiti. Usinunue kwenye mfuko unaozungushwa sokoni, ambao hujui umetoka wapi.

Laki nne na nusu zako, ningezigawa hivi: holsta ngumu na mkanda kwanza, tochi, risasi bandia, utepe wa msasa, na kinachobaki kiende kwenye kasha dogo la chuma lenye kufuli, lililofungwa kwa bolti ukutani, kama bado bastola inalala chini ya mto. Hasa kama una watoto nyumbani. Mengine yote yanaweza kulisubiri kasha hilo.

Na wale wenzako wawili, waulize leo kama springi za triga wameshazitia. Kama wamezitia, wasitembee na hizo bastola hadi fundi silaha azirudishie za kiwandani. Mwambie kila mmoja atafute zile za zamani, huwa wanaziacha kwenye kifuko cha plastiki kile walichouziwa mpya. Ukija Arusha, njoo na bastola ikiwa tupu, na holsta, na mkanda, na lile jaketi unalovaa Julai.